Fasili ya Tano

Leo nimepewa kadi ya neno *kenar*.
Ghorofa ya tatu, Istanbul, theluji ya rasharasha dirishani,
na Bwana Nejat, mhariri wetu, anapasha vidole kwa gilasi ya chai.
"Fupi fupi," ananiasa. "Kamusi haililiwi."

Ya kwanza: pale kitu kinapokomea.
Ukingo wa meza, mdomo wa kisima,
pambizo ya ukurasa, anakoandika kwa penseli
msomaji aliyekataa kukubali.

Ya pili: pindo la nguo.
Hapa wino unanikwama.
Mama yangu anaitwa Döndü, yaani Amegeuka,
jina walilompa msichana wa nne
ili tumbo ligeuke, lilete mvulana.
Tumbo halikugeuka. Aliyegeuza ni yeye:
sketi mia mbili kwa siku, ndani nje, nje ndani,
kwenye chumba kilichozama nusu ardhini,
kidirisha chake kikionyesha viatu vya wapita njia.
Nguo ina mji na ina pindo, kila mshonaji anajua.
Mama alishona pindo.
Mji aliuona siku za hospitali.

Tuna msemo: tazama pindo ununue nguo,
tazama mama umwoe binti.
Basi akaja mama wa mchumba wa dada yangu Hacer,
mabasi matatu, kofia ya manyoya.
Akatazama vidole vya mama vilivyochomwachomwa na sindano,
akatazama tope kizingitini,
akanywa kahawa, akaisifu,
hakuonekana tena.
Hacer aliosha vikombe. Asubuhi akaenda kazini.

Ya tatu: kando, si katika mambo ya watu.
Ya nne: ganda la mkate.
Hii haimo katika matoleo yote, nimeiongeza mimi.
Tulipigania ganda, hasa lililoungua kidogo;
mama alibaki na kiini,
meno yake yalikwisha kuaga.

Ya tano imenukuliwa kutoka toleo la zamani:
"mtaa wa makabwela nje ya mji."
Mfano wa matumizi:
"Alinuka makaa ya mawe kama watu wa pindoni."
Miaka kumi na tisa tangu niondoke kule,
nikainua mkono wa sweta yangu,
nikanusa.

Tulipohamia, basi lilikomea mlangoni petu.
Dereva, Rıfat, alilaza kichwa juu ya usukani
na mama akanituma na chai, asije akapitiwa.
Mbele yetu palikuwa na mbigili, mbwa, na upepo.
Siku hizi basi lilelile halipunguzi hata mwendo,
linakwenda saa nzima zaidi, hadi kwenye maghorofa
ambayo bado hayajavikwa mapazia,
na wa huko wakija kwetu kununua dawa
husema, "Tunakwenda mjini mara moja."
Mama hucheka mpaka akashika mbavu:
"Nimefika mjini bila kuhama!"

Nikaukata mstari wa makaa. Nikaandika:
"Mahali mji unapokunja nguo yake isifumuke.
Mfano: Döndü anakaa pindoni;
dereva wa basi la mwisho anamjua kwa jina."

Bwana Nejat akasoma mara mbili, akahesabu maneno.
Nguo akaifuta: "Hiyo ni ya pili, usirudie."
Jina akalifuta.
Basi akaliacha.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea.
Mama hajui kusoma. Hakukifungua.
Alikilaza mapajani, akapitisha gumba
kwenye ukingo wa kurasa, taratibu, pande zote tatu,
kama anayetafuta uzi uliochomoza.
"Wamekata vizuri," akasema.